Usikae Kigoma Kama Uko Stendi

Mkenya mwenzangu akipata kazi Kigoma na akanipigia simu, huuliza mshahara kwanza, usalama baadaye, na mara nyingine kama kuna intaneti. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za maji, wala kodi ya nyumba ya miezi sita mbele, wala afanyeje mzazi akifariki Mombasa naye yuko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mimi nilikuwa mtu wa ugavi katika shirika la misaada lililohudumia kambi za wakimbizi. Ofisi ilikuwa Kigoma mjini, kazi yenyewe ilikuwa Kasulu na Kibondo. Nimeshaondoka, na bado simu zinakuja, kwa hiyo nimeona niandike mara moja.

Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1914, enzi za Wajerumani, karibu kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na stesheni yao ingali inatumika. Mji umekaa juu ya vilima vinavyoteremka hadi ziwani, na mvua ikishasafisha anga milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Wenyeji ni wakarimu, kwa hilo sina neno. Shida iko kwa mgeni mwenyewe. Anaishi kama abiria wa stendi, begi kati ya miguu, masikio yakisubiri basi liitwe. Hanunui tangi la maji kwa sababu mkataba ni wa mwaka mmoja. Hajitambulishi kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu anaondoka karibuni. Chakula ni cha hotelini. Halafu mkataba unaongezwa, unaongezwa tena, na akija kupiga hesabu anakuta kukaa kwa muda kumemla pesa nyingi kuliko ambavyo angekaa kikweli tangu siku ya kwanza.

Karatasi kwanza, maana huko ndiko watu wanakolia. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tunadhani Jumuiya ilishamaliza kila kitu. Kuingia Tanzania hatulipii viza, ndiyo, lakini kufanya kazi ni habari nyingine. Unahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, kisha kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Ni vibali viwili vya ofisi mbili, na cha pili kinasubiri cha kwanza. Hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, huhuishwa, na kwa kawaida jumla yake haipiti mitano. Kibali kinamtaja mwajiri kwa jina, kwa hiyo ukihamia shirika la jirani lililoko hatua kumi kutoka geti lenu, unaanza upya.

Beba vyeti vyako vya asili na nakala zilizogongwa mhuri na wakili kabla hujatoka kwenu, kwa sababu kumtuma mdogo wako chuoni akutafutie transkripti wakati wewe uko Kigoma ni mateso. Usikubali kuanza kazi "kidogo kidogo" huku kibali kikisubiriwa, hata bosi akiapa kwamba wote hufanya hivyo. Siku ya ukaguzi bosi yuko Nairobi na wewe uko kwenye meza ya ghala. Mwambie aulize kama kuna pasi ya muda mfupi kwa hali kama hiyo. Na pasipoti yako isilale kwa wakala. Wakala aliyetumiwa na ofisi yetu alikaa na yangu Dar wiki baada ya wiki, kila nikipiga simu ni "kesho kaka, kesho imetoka". Nitarudi kwenye hiyo kesho.

Anayekuja na mwenzi wake ajue kwamba kibali cha mtegemezi hakimruhusu huyo mwenzi kuajiriwa. Na tangu Julai 2025 ipo amri ya serikali inayowazuia wasio raia kufanya biashara ndogo kadhaa, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, na saluni zisizo za hotelini au za watalii. Mke wangu ana saluni Likoni. Hata kabla ya amri hiyo tulipiga hesabu tukaona abaki na saluni yake, mimi niende peke yangu. Kipesa uamuzi ulikuwa sawa. Kwa mengine sina hakika mpaka leo, na sitamshauri mtu.

Jambo la mwisho la karatasi: huu ni mkoa wa mpakani. Barabara ya Kasulu ina vizuizi, na basi husimamishwa abiria wakaombwa vitambulisho mmoja mmoja. Mtoto wa Kigoma aliyezaliwa Mwandiga naye huulizwa, kwa hiyo usijione umeonewa kwa sababu ya lafudhi yako. Weka nakala za pasipoti na kibali kwenye pochi, na picha zake kwenye simu. Jibu unachoulizwa, basi liondoke.

Nyumba sasa. Dalali akisikia unafanya kazi kwenye shirika, atakupeleka moja kwa moja kwenye zile nyumba ambazo mashirika hupanga: ukuta mrefu, geti la chuma, jenereta uani, bei kwa dola. Hiyo ya dola siku hizi ina jibu, kwa kuwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kutajwa wala kulipwa kwa fedha za kigeni. Wakati wangu ilikuwa mapatano tu na mtu alikuwa anaumia. Mimi nyumba niliipata kupitia fundi bomba wa ofisini, mtaa wa Mwanga, vyumba vitatu, shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa Kimanyema, alinipokea kibarazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye yule Mkenya?"

"Ndiye mimi."

"Unakaa kweli, au unapita?"

"Nakaa, mama."

"Basi nilipe ya miezi sita. Wanaopita wananivunjia vitasa."

Nililipa. Kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele ni jambo la kawaida kule, na hakuna mshahara wa kwanza utakaoibeba. Kabla ya kusaini chochote muulize mwajiri kama atakukopesha kodi, na wakikubali waandike. Wenzangu waliofika mikono mitupu waliishia hotelini mwezi, miezi, na bili ya hoteli ilipita kodi ya nusu mwaka.

Ukienda kukagua nyumba usiende asubuhi. Nenda saa tano au sita mchana, fungua bomba la juu kabisa, subiri. Kigoma imekaa kando ya ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na bado bomba lako linaweza kukaa kavu siku kadhaa. Maji lazima yasukumwe na pampu yapande vilima, umeme ukikatika pampu inasimama, na nyumba zilizo juu ndizo hukosa kwanza. Zenye mandhari nzuri ya ziwa ndizo hizo za juu, kwa bahati mbaya. Nilinunua simtanki la lita elfu mbili, nikajengewa kitako cha matofali, fundi akafunga mifereji ya bati ili mvua ijaze lenyewe. Mvua za kule huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Aprili, Mei, kwa hiyo nusu ya mwaka sikuwa na habari na mgao. Kwenye mkataba wa nyumba tuliandika wazi kwamba tangi ni langu na kitako ni cha mama. Andikeni vitu kama hivyo mkiwa bado mnacheka pamoja.

Umeme wa Kigoma kwa miaka mingi ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na tabia za wakati ule zimebaki kwa watu. Kila nyumba ina tochi mlangoni na LUKU, umeme wa kulipia kabla, haiachwi ifike sifuri. Pia kuna radi. Wenyeji wakiona wingu jeusi linapanda kutoka ziwani, huchomoa televisheni na friji huku wakiendelea na mazungumzo yao. Mwenzangu mmoja wa Nairobi aliwacheka sana. Radi ya Novemba ikamuunguzia modemu, tivii na chaja ya kompyuta kwa mpigo.

Nataka nikae kidogo kwenye chakula, kwa sababu hapa ndipo unapotambua nani anaishi Kigoma na nani anapita. Nenda Kibirizi asubuhi. Mwalo ule ndio unapokea samaki, na ndiko zinakoondokea boti za abiria za vijiji vya kaskazini. Dagaa wa Kigoma wana jina Tanzania nzima na bei yao inalingana na jina, lakini bei hiyo inapanda na kushuka kwa mwezi, nina maana mwezi wa angani. Wavuvi hutoka usiku na taa, samaki wanafuata mwanga, nyavu zinawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa inakosa kazi, mitumbwi inakaa nchi kavu. "Mwezi mkubwa, baba, rudi wiki ijayo," mama muuza dagaa alikuwa ananiambia, na kama nilikuwa na haraka aliniuzia kwa bei ya watu wenye haraka. Nikajifunza kutazama juu kabla ya kwenda sokoni. Giza likirudi, nanunua sado nzima, yaani ndoo ndogo ya kupimia, nagawa kwenye makopo, naishi nao.

Kuna dagaa walioanikwa mchangani na kuna walioanikwa kwenye chanja. Kwa macho wote wanang'aa. Chukua mmoja, mvunje kichwa, mtafune taratibu kwa meno ya mbele. Ukisikia changarawe, rudisha mkono mfukoni. Muuzaji hatakasirika, atakusogezea fungu jingine ambalo alikuwa amelificha chini ya kanga.

Mwaka 2024 nchi nne zenye ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na upande wa Tanzania uvuvi ukafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila samaki wetu wa ziwani, mgebuka mbichi wala kuhe. Aliyekuwa na akiba ya dagaa wakavu alikula, asiyekuwa nayo alijua bei ya nyama. Mama zangu wa Kibirizi wengine walihamia kuuza mihogo na mawese, na walikuwa na maneno yao kuhusu kufungwa kule, ingawa samaki waliporudi waliniambia wenyewe kwamba samaki hao walikuwa wamenenepa. Usisahau mawese. Mpwani kama mimi niliyelelewa kwa nazi nilidhani siwezi, sasa sombe, yaani kisamvu, bila mawese siili. Nunua kwa dumu kutoka kwa mtu anayejulikana mtaani, maana yanachanganywa.

Kazini kuna jambo halisemwi kwenye usaili. Mshahara wangu ulikuwa mara kadhaa ya ule wa msaidizi wangu, dada wa Kasulu aliyeijua barabara ya Kibondo, madereva wake, na matope yake kuliko nitakavyokuja kuijua mimi. Yeye alijua ninalipwa ngapi. Kila mtu alijua, mji ni mdogo. Ofisini watu walikuwa wapole na wenye adabu, na kwa muda nilidhani upole ule ni kukubali. Kumbe ile fomu ya kibali ina sehemu inayomtaka mwajiri aeleze Mtanzania gani atarithi ujuzi wa mgeni, na jina la yule dada ndilo lililoandikwa. Wageni wengi hawasomi ukurasa huo, ila anayetajwa humo ameusoma. Nilipoanza kumpa saini za maghala, kumpeleka kwenye vikao na wafadhili, kumwachia bajeti ya mwezi aipange na mimi nikosoe, kazi ilibadilika. Alianza kunipa habari ambazo awali zilikuwa zinanipita: lori gani litakwama, mkandarasi gani ana deni, ofisa gani wa wilaya ameudhika kwa kutosalimiwa.

Hilo la kusalimiwa lisikupite kwa wepesi. Ukiingia ofisi ya wilaya na ajenda mkononi, utapewa kiti, utapewa soda, na hutapewa saini. Salimia, uliza mvua, uliza safari, kisha subiri wao waiguse ajenda. Na ukiwa na neno na mtu, usiliseme mbele ya wenzake wala kwenye barua pepe yenye watu kumi. Mtoe nje, mkae chini ya mwembe. Kwa upande wa mizigo nitasema moja tu: chochote kizito kiagizwe kifike kabla ya Novemba. Behewa ni nafuu ila lina subira zake, lori lina haraka ila lina bei zake, na mvua ikishashika barabara za vumbi za kuingia kambini hakuna kati ya hivyo viwili kitakachokusaidia.

Ijumaa nilikuwa naswali Ujiji. Wageni wengi huenda Ujiji mara moja, wanapiga picha pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo Novemba 1871, wanarudi mjini kula. Lakini Ujiji ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, njia ya pembe na ya watumwa. Mtu wa Mombasa akitembea kwenye vichochoro vyake anakutana na kofia, vibaraza, udi, na wazee wanaotaniana kwa Kiswahili cha kukaa na kupumzika. Baada ya swala nilikuwa nakaa kwenye kibaraza kimoja, kahawa chungu, bao linachezwa, hakuna anayeniuliza nafanya kazi wapi. Nilipigwa bao kila wiki. Jirani zangu wa Kikristo kule Mwanga walikuwa na yao, kwaya, jumuiya, mazoezi ya jioni. Uwe wa dini gani au usiwe na yoyote, tafuta mahali ambapo unakwenda kila wiki na ambapo cheo chako hakina kazi.

Simu ya kifo cha baba ilikuja alfajiri. Kwetu maiti haicheleweshwi, na ndugu yangu alisema tu, "Tunazika baada ya adhuhuri." Nilikaa kitandani nikapiga hesabu kama mtu wa ugavi. Ndege hadi Dar, kama ipo na kama ina nafasi. Kutoka Dar barabara hadi Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, Likoni. Na pasipoti iko kwa wakala, kesho imetoka. Hata mambo yote yangenyooka, nisingefika kabla ya kesho yake. Walimzika. Nilisikiliza kwa simu, binamu yangu ameishika juu, nasikia majembe na watu wakipeana zamu, kisha mtandao ukakata.

Nilikuwa nimemwambia mama mwenye nyumba peke yake, na hata yeye nilimwambia kwa sababu alinikuta nimekaa kwenye ngazi saa moja asubuhi bila viatu. Hakusema mengi. Aliingia ndani akanitengenezea chai, akatoka. Alasiri nikasikia geti. Wazee wa kile kibaraza cha Ujiji walikuja kwenye bajaji, nyuma yao vijana na majamvi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na daftari lake. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshawasha moto uani kwangu, na sikujua sufuria zile kubwa zilitoka wapi. Wakasoma Yasini, wakamwombea baba yangu kwa jina lake na jina la baba yake, watu ambao hawakumwona hata siku moja. Mwenyekiti akanikabidhi bahasha na karatasi yenye majina: elfu tano, elfu mbili, elfu kumi, elfu moja. Nauli ya ndege ilitoka mle.

Kutoka kwa wageni wenzangu nilipata salamu nzuri kwenye WhatsApp. Siwalaumu. Hawakujua nyumba yangu iko wapi.

Nilipata pasipoti siku ya pili Dar, baada ya mkuu wangu kupiga simu kwa hasira, nikafika nyumbani kwenye khitma. Kwa hiyo mzungumze na ndugu zako kabla hujaondoka: wazike, wasikusubiri, na nani ashike nafasi yako. Weka pesa ya nauli ya dharura mahali usipopagusa. Kwenye mkataba soma kifungu cha msiba. Changu kilinipa siku za likizo bila kusema nani analipa safari hadi Kenya, na siku kama hiyo hakuna mtu ana nguvu za kubishana na ofisi ya rasilimali watu.

Ile karatasi ya majina haikuja bure, na hapa ndipo ushauri wa pesa unaingia. Nilikuwa natoa mchango wa misiba na harusi tangu mwezi wa kwanza, kiasi kile kile wanachotoa majirani. Tenga kiasi chako kila mwezi, na usitoe kama shirika. Mgeni akitupa laki mbili kwenye msiba ambao watu wanatoa elfu tano, amewaaibisha wenye nyumba, na msiba unaofuata watakaa wakimtazama yeye. Kadi za harusi ni nyingi, hasa baada ya mavuno. Nyingine unazikataa kwa lugha nzuri. Misiba usikose. Kama hukwenda siku yenyewe, nenda kesho yake, kaa dakika kumi, inatosha.

Afya nitapita haraka. Malaria ipo sana. Chandarua kila usiku, na homa yoyote ukapime siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu, dawa mseto zinapatikana. Maweni ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa na wafanyakazi wake nimewaona wakijituma, lakini kwa mambo makubwa watu hupelekwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, kwa hiyo bima yako iwe inalipia kusafirishwa kwa ndege. Ziwani ogelea kwenye mawe na maji safi, kama kule Katonga, kaa mbali na matete kwa sababu ya kichocho, na uulize wavuvi habari za mamba na viboko kabla ya kuvua shati. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi hulichafua ziwa kama unavyoichafua bahari yetu. Nahodha akisema leo hatuendi, usimwongeze pesa. Gombe uende, Hifadhi ya Taifa tangu 1968, na Mkenya abebe pasipoti kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio chake, si kile cha wageni wa mbali.

Upweke uko, nisiwadanganye. Wangu ulikuwa unakuja Jumapili saa kumi jioni, nguo zimefuliwa, simu ya nyumbani imeshapigwa, jua linazama Kongo. Wapo waliouzima kwa bia kwenye hoteli zile zile za ufukweni, na watu wale wale, na maneno yale yale ya ofisini, hadi ikawa kazi ya pili. Wengine kila likizo ya mapumziko walipanda ndege kwenda Dar au Zanzibar wakarudi wamefilisika na wanachukia mji zaidi. Mimi likizo nyingine nilizikalia pale pale. Nilijenga jiko la mkaa, nikapanda mchicha nyuma ya tangi, nikajifunza kusema "mwakeye" asubuhi kwa wamama wa Kiha waliopita na matenga. Pesa niliyookoa ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama yangu.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mradi wetu ulikuwa unategemea pesa hizo. Barua zilikuja haraka. Hapo ndipo utaona kama mkataba wako uliusoma: notisi ya muda gani, nani anakulipia kusafirisha vitu, kibali kinafutwaje. Kibali kikishakosa mwajiri kinakufa naye, kwa hiyo hakikisha ofisi imetoa taarifa Uhamiaji na wewe una nakala, usije ukahojiwa siku ukirudi kutembea. Chukua barua ya utumishi na kumbukumbu za michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kabla mtu wa rasilimali watu naye hajapewa barua yake. Wetu alipata yake wiki moja baada ya kunisainia. Yule dada wa Kasulu alipata kazi ya kuendesha ghala kwenye shirika jingine. Saini alizokuwa amezizoea ndizo alizoulizwa kwenye usaili.

Kodi yangu ilikuwa imebaki miezi miwili. Mama mwenye nyumba alinirudishia ya mmoja, wa pili akasema ni wa vitasa, ingawa vitasa vyote vilikuwa vizima, na tukacheka. Kitanda na friji vilikwenda siku moja. Simtanki lilichukuliwa na jirani wa upande wa juu, kwa mkopo. Namdai elfu themanini hadi leo. Anatuma kwa simu kidogo kidogo, na kila akituma hupiga kuuliza kama imefika, kisha ananitajia bei ya dagaa.